Kwa wanafunzi mnaomaliza hapa Lubumbashi: TFC, kazi ya kumaliza masomo, ni yenu

Jambo yenu, wanangu.

Nimestaafu kufundisha, lakini bado mnapita nyumbani na karatasi zenu, na siku hizi mnakuja na hofu moja: programu ya kusaka wizi wa maandishi. Wengine wamekwisha kuamini kwamba asilimia ikipanda tu, diploma imekwenda.

Programu kama Turnitin haimjui mwizi. Inalinganisha maneno yako na yale iliyohifadhi, inapaka rangi yanapofanana. Ukinukuu kifungu cha Sheria ya Madini ya 2002, tena kwa alama za nukuu na marejeo kamili, kinaweza kupakwa rangi vilevile. Anayejua kama umeiba ni mwalimu, akiifungua ripoti na kuisoma. Mwombeni kwa heshima aisome nanyi mkiwa mmekaa hapo.

Kinachonisumbua zaidi ni hawa wanaowapimia TFC katika programu hiyo kwa pesa kabla hamjaipeleka chuoni. Akaunti wanayotumia ni ya nani? Kazi yako ikibaki kwenye hifadhi ya programu, siku chuo kitakapoipima itafanana karibu yote na kazi iliyomo tayari, nayo ni yako mwenyewe! Halafu uanze kujieleza mbele ya juri ya walimu. Mpangilio wa kupima bila kuhifadhi upo. Mtu akishindwa kukuonyesha kwamba ameuchagua, chukua klé yako ya USB uondoke.

Kuhusu haki, sheria yetu ya Kongo ya tarehe 5 Aprili 1986 juu ya haki za mwandishi haiulizi kama una diploma. Uliyeandika ndiye mwandishi. Inalinda maneno yako na jinsi ulivyoyapanga. Wazo lenyewe hailindi, hilo mlijue mapema. Na msidhani mahakama zitawabeba kirahisi. Marekani, wanafunzi wanne wa sekondari waliishtaki kampuni ya Turnitin kwa kuhifadhi insha zao bila ridhaa yao, na mwaka 2009 mahakama ya rufaa ikaipa kampuni ushindi. Kanada mambo yalikwenda vingine: mwanafunzi wa chuo kikuu cha McGill alikataa kupitisha kazi zake katika Turnitin, na mwaka 2004 chuo kikakubali zisahihishwe bila programu hiyo. Huyo hakwenda mahakamani, alidai ndani ya chuo chake. Mimi ningefuata njia yake.

Sasa niseme lile ambalo wakubwa wenzangu hawatalipenda. Mashine hii inaelekezwa chini, kwa mwanafunzi. Mtoto anazunguka Ruashi na Katuba akihoji watu juani, anaandika, anatetea, kisha sura yake nzima inatoka katika jarida kwa jina la mwalimu wake peke yake. Nani aliipima makala hiyo? TFC ya karatasi iliyolala kwenye rafu haisomwi na mashine yoyote. Kwa hiyo kila sura unayompa direkta, yaani mwalimu anayekusimamia, mtumie kwa barua pepe, tarehe ibaki. Nakala ya mwisho ipigwe muhuri wa mapokezi, moja ikae kwako. Na mkikubaliana kuchapisha, majina na mfuatano wake viandikwe kabla ya kazi kuanza. Kuuliza hivyo si utovu wa adabu.

Wawakilishi wa promosheni, yaani wa darasa lenu la mwaka huu, pelekeeni fakulte barua moja, fupi, kwa jina la wote: kazi zetu zitahifadhiwa wapi, kwa muda gani, na nani ataziona? Rasimu nileteeni Jumamosi, tuirekebishe Kifaransa chake.

Mzee wenu, komini ya Kenya, Lubumbashi