Tulichanja, na kideri kikapita

Mhariri,

Miaka 16 nasoma gazeti lako bila kukuandikia. Lakini ile taarifa ya juzi, kwamba kuku wa magharibi mwa Kenya wanakufa kwa kideri, ule ugonjwa wa virusi wa kuku, kwa sababu wafugaji "hawajui kuchanja", imenikera mno.

Mimi nachanja. Nina kuku 160 wa mayai hapa Luanda, Vihiga. LaSota, chanjo ya kideri, naibeba kwenye chupa ya chai yenye barafu, maji natumia ya mvua yasiyo na klorini, natia maziwa ya unga, na asubuhi hiyo kuku nawanyima maji mpaka wapate kiu. Mwezi wa nne mayai yalishuka kutoka trei 4 kwa siku hadi moja na nusu, maganda laini. Walikufa 3 tu. Wa jirani yangu, wa kienyeji ambao hawakuchanjwa, waliisha wote 23, shingo zimepinda, kinyesi kijani. Nilipompigia afisa wa mifugo alinikatiza: "Mama, uliharibu chanjo." Hakuja. Hakuchukua hata kuku mmoja akapimwe. Jirani ananitazama kama mimi ndiye niliyemletea, na huenda ni kweli, maana kuku aliyechanjwa anaweza kusalimika huku akiendelea kumwaga virusi, na hilo hakuna aliyewahi kuniambia! LaSota ilitokana na virusi vilivyopatikana Marekani miaka ya 1940, vya kundi la 2 la kijenetiki. Watafiti waliopima virusi vya kideri kutoka kwa kuku wa Kenya wamekuta vya kundi la 5. Chanjo bado inaokoa kuku, sitaki mtu aiache, lakini tofauti hiyo inavipa virusi vya huku nafasi zaidi ya kuzaana ndani ya kuku aliyechanjwa na kutoka. Mbona taarifa yenu haikuligusa hata kidogo?

Tena kuna hizi chupa. Mwenye kuku 23 anauziwa dozi 100, na akishaichanganya ni lazima iishe papo hapo. Nani atanunua ili amwage?

Kundi lililochanjwa likiugua, kaunti ichukue kuku 3, iwatie kwenye barafu, wafike maabara kabla ya siku ya pili, na aina ya virusi ibandikwe ukutani kwa chifu, pale panapobandikwa matangazo ya vitambulisho. Na kijiji kichanje siku moja, chupa moja igawanywe nyumba kwa nyumba, kuanzia kwa jirani yangu akishapata vifaranga wengine.

Mama mfugaji,
Luanda, Vihiga