Mfuru ni wa familia ya mrehani, mtoto asinyimwe alama

Ndugu Mhariri,

Nilifundisha Biolojia hapa Mwanza kuanzia 1988 hadi 2019, na miaka yote hiyo niliwaambia wanafunzi kuwa mfuru uko katika familia ya Verbenaceae pamoja na lantana. Ndivyo vitabu vilivyosema. Wiki iliyopita mjukuu wangu wa kidato cha tano amerudi na jaribio lenye alama ya kosa kwa wino mwekundu, kwa kuwa ameandika Lamiaceae, yaani familia ya mnanaa na mrehani. Mtoto yuko sahihi, naomba nafasi nimtetee.

(Nasema mfuru, mti wenye matunda meusi matamu, si furu wale samaki wa ziwani. Vijana wa mwaloni hunikatiza kila nikiutaja.)

Zamani wataalamu waliangalia zaidi ua. Kwenye mrehani na kivumbasi, kijiti kinachopokea chavua huchomoza chini, katikati ya vifundo vinne vya ovari. Kwenye mfuru hukaa juu ya ovari, kama kwa lantana. Basi wakaiweka miwili hiyo nyumba moja. Katika miaka ya 1990 vinasaba vikasomwa, hasa jeni iitwayo rbcL iliyomo ndani ya kloroplasti. Wakailinganisha herufi kwa herufi, mmea kwa mmea, na mfuru ukaangukia upande wa mrehani. Mtiki nao vilevile. Kijiti cha juu kilikuwa urithi wa mababu wa mbali ambao baadhi ya mimea imebaki nao, hakionyeshi nani ni ndugu wa karibu wa nani.

Nakiri nilikataa nilipoisoma habari hii mara ya kwanza. Kivumbasi alichokuwa akichoma mama kufukuza mbu hakifiki kifuani kwangu, na mfuru ulio nyuma ya nyumba yangu umepita paa! Lakini kimo si ushahidi. Na kazi hiyo inaendelea: mwaka 2017 rozimeri, iliyojulikana kama Rosmarinus, ilihamishiwa jenasi (kundi dogo ndani ya familia) ya Salvia.

Simlaumu mwalimu wake. Ni kijana mwenye bidii, na kitabu anachosahihishia ni kilekile nilichofundishia mimi. Ninaowaomba ni wanaochapa vitabu vya kiada: ukurasa huo ubadilishwe. Na wanafunzi wangu wa zamani, popote mlipo, futeni Verbenaceae niliyowaandikia ubaoni. Mfuru ni Lamiaceae.

Mwalimu mstaafu,
Nyegezi, Mwanza