Kijivu cha wifi au kijivu changu?

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kabla ya adhana ya alfajiri kwa kuwa usingizi umenikataa, na humu ndani sina ninayeweza kumweleza jambo hili akalichukua kwa uzito.

Sebule yetu hapa Ngamiani inapakwa rangi, na tumebakiwa na kijivu cha aina mbili ambazo kwenye kadi ya dukani ni vigumu kuzitofautisha. Ukutani ni mbalimbali kabisa. Alichokichagua wifi yangu kina samawati ndani yake: asubuhi, jua la mashariki likiingia dirishani, kinapendeza, sikatai, lakini jua likishahamia nyuma ya nyumba, ukuta hufanana na plasta ya saruji isiyopakwa kitu, na usiku taa nyeupe ikiwashwa ndiyo huzidi. Changu kimeegemea rangi ya udongo kidogo, nacho hupatana na sakafu yetu nyekundu mchana kutwa. Nilipomweleza hayo mume wangu, alinijibu mbele ya fundi na mbele ya dada yake: “Wewe mambo ya rangi umeyajulia wapi?”

Shangazi, mimi ndiye ninayeshinda katika sebule hiyo. Sampuli zote mbili nilizipaka mwenyewe, nikarudia juu yake, nikangoja zikauke kwa sababu rangi mbichi na rangi kavu hazifanani, kisha nikazitazama asubuhi, adhuhuri na jioni. Wifi alizitazama asubuhi tu, akarudi kwake Chumbageni. Sasa asiyejua ni nani?

Kwa rangi yenyewe sina ubishi. Wakipaka yake nitanyamaza. Ila kukaa mle jioni, nikiuona ukuta ule na kuikumbuka kauli ile, sitaweza. Sishindani na wifi, ambaye namheshimu, wala sikudai fedha zaidi, maana bei ni ile ile. Nilitaka mume wangu akae nami sebuleni saa kumi na moja jioni, aangalie, basi. Je, nimwombe hilo tena, au nianze na kauli aliyoitoa mbele ya fundi, ambaye tangu siku ile nikimwagiza jambo humtazama kwanza yeye? Au nikubali tu, nitafute taa za mwanga wa manjano?

Fundi anarudi Jumamosi, na rangi ikishachanganywa kwa mashine dukani hawaipokei tena. Nakuomba unijibu mapema, na uniambie pia kama kijivu changu kitaonekana kichafu wakati wa masika, maana hilo ndilo wifi analolishikilia.

Msomaji wako,
Tanga