Chuo cha wenye mji

Mhariri,

Makala yenu kuhusu vyuo vya kale vya Uingereza imewasifu wafalme na maaskofu tu. Mbona Corpus Christi, mojawapo ya vyuo vilivyo ndani ya Chuo Kikuu cha Cambridge, hamkukitaja? Kilianzishwa mwaka 1352 na wenyeji wa mji kupitia vyama vyao viwili vya kidini, miaka michache baada ya tauni kuwafyeka watu.

Mapenzi hayakudumu. Chuo kilimiliki nyumba nyingi mjini, na baadhi ya kodi zake, zilizoitwa kodi za mishumaa, ziliwachoma wapangaji. Katika maasi ya wakulima ya 1381 watu wa mji huohuo walikivamia, wakapora mali na hati zake. Nyaraka za Chuo Kikuu chenyewe nazo zikatiwa moto sokoni. Ua wa kwanza wa Corpus Christi, pamoja na majengo yanayouzunguka, ungali umesimama. Mngeweka japo picha yake.

Msomaji wenu,
Tanga