Mama usinune, Jumamosi nilikuwa nalisha seli

Mama shikamoo, baba shikamoo, wadogo zangu mambo vipi. Najua mmenuna kwa sababu Jumamosi sikupiga simu kama nilivyoahidi, na mama ukanitumia meseji ya neno moja tu, "Haya", na hiyo haya yako mimi naijua uzito wake. Sikuwasahau. Ilikuwa zamu yangu ya kulisha.

Kulisha nini sasa? Seli, zile chembe hai ndogo za mwili. Ndiyo, zinalishwa, msicheke. Hizi seli shina tunazokuza hapa kituoni hazijui wikendi wala sikukuu, kila siku lazima mtu aje azibadilishie chakula, ni maji mekundu hivi yana sukari na chumvi na protini za kukuzia, ukichelewa yanageuka njano maana zimeshajaza asidi mle ndani. Zinakaa kwenye inkubeta, yaani kabati la kutunza joto, nyuzi 37, joto lilelile la mwili wa mtu, na hewa yake ina kaboni dioksidi asilimia 5. Unavaa glavu, unapulizia spiriti kila kitu, unainamisha kidogo ile sahani ya maabara zilimo, unafyonza maji ya zamani kwa pembeni bila kugusa chini maana ndiko zilikojishika, halafu unamimina mapya polepole. Sahani moja dakika chache tu. Mimi Jumamosi nilikuwa na sahani za watu sita.

Za watu sita kwa sababu tumepangiana zamu ubaoni, la sivyo hakuna ambaye angewahi kupumzika. Nilipofika hapa kila mtu alikuwa anakuja kulisha zake mwenyewe, tunapishana mlangoni Jumapili kila mtu na usingizi wake. Tulikuwa wachache, inkubeta unafungua unachagua rafu. Sasa hivi watu wamejaa, kuna madaktari wa mifugo, kuna mainjinia, kuna dada wa takwimu ambaye hajawahi kushika seli hata moja ila bila yeye hakuna grafu inayotoka, na nafasi ya kufanyia kazi kwenye kabati la hewa safi unaibuku siku tatu kabla. Ugomvi upo, nisiwadanganye. Juzi mtu kahamisha chupa za mwenzie rafu ya chini bila kusema, wakanuniana wiki nzima kama mawifi.

Lakini niwaambie kilichonipata, maana sikuwaambia wakati ule. Asubuhi moja nafungua inkubeta nakuta maji ya sahani zangu zote yana ukungu, meupe kama yametiwa unga, kutazama kwenye hadubini naona nyuzinyuzi tu. Kazi ya miezi minne. Hapo hakuna dawa, unamwagia jiki unatupa, unasafisha inkubeta nzima. Nikaenda kulia chumba cha mafriza, kule kuna kelele za mashine mtu hakusikii. Akanikuta mama mmoja fundi wa maabara, mtu wa maneno machache sana, hakuniuliza kitu, akavaa yale maglavu makubwa, akafunua tanki la nitrojeni, moshi ukatoka, akachomoa kichupa kidogo kina jina langu. Kumbe kila mtu anayeanza kazi hapa yeye humwekea akiba ya seli zake mle, nyuzi 196 chini ya sifuri, na hamwambii, eti ukijua utazembea. Wiki tatu baadaye nilikuwa nimesharudi kwenye mstari. Mama, ungempenda huyu, ni wewe mtupu.

Mdogo wangu uliyeniuliza seli shina ni kitu gani hasa. Ni seli ambayo haijaamua itakuwa nini, inaweza ikawa ya moyo, ya neva, ya damu. Zamani watu waliamini ikishaamua ndiyo basi tena. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka na mwenzake kule Japani wakaanza na jeni 24, wakapunguza mpaka zikabaki 4, wakaziingiza kwenye seli za kawaida za panya na zikarudi utotoni, yaani zikawa kama seli shina, mwaka uliofuata wakafanya kwa za binadamu. Akapata Nobel 2012 pamoja na John Gurdon wa Uingereza, na huyo Gurdon nataka umjue, shuleni alikuwa wa mwisho kwenye baiolojia, mwalimu akaandika kwenye ripoti kwamba wazo la kuwa mwanasayansi ni upuuzi. Aliitundika ofisini kwake. Sasa wewe na hiyo D yako usijifanye umeshafika mwisho, fungua kitabu.

Baba mdogo naye. Ile picha ya tangazo la sindano ya seli shina inayotibu kisukari na kiharusi na magoti kwa mpigo nimeiona. ASITOE HELA. Namheshimu lakini asitoe. Kinachotibu kweli kwa miaka mingi ni kupandikiza uboho, ule wa ndani ya mifupa wenye seli shina za damu, kwa magonjwa ya damu kama leukemia, yaani saratani ya damu, kuna na ngozi kwa walioungua, kuna ya macho kwa baadhi ya watu, basi, vingine vingi bado ni majaribio. Kwa kisukari aina ya kwanza yapo majaribio mazuri ya kutengeneza seli zinazotoa insulini, ila yeye ana aina ya pili, na jaribio la kweli haliuzwi kwa tangazo la simu. Mwaka 2017 madaktari Marekani waliandika habari za wanawake watatu waliochomwa seli za mafuta yao wenyewe machoni, walilipia, wakapofuka au wakabaki wanaona kwa shida sana. Dawa zake za kila siku aendelee nazo, na mama nisaidie kumwambia kwa upole maana mimi atasema nimekuwa mzungu.

Eh na kitu kimoja kinanichekesha kila siku. Seli shina hizi za binadamu ukizitenganisha moja moja nyingi zinakufa, zikiwa kwenye kundi zinaishi, mpaka 2007 Wajapani walipoonyesha dawa ya kuzituliza kwa ile siku ya kwanza. Mwaka wangu wa kwanza hapa hakuna aliyenipa hiyo dawa jamani, nilikula peke yangu mwezi mzima.

Haya, Jumamosi hii si zamu yangu, yule injinia ndiyo analisha, nimemfundisha mwenyewe na bado mkono unamtetemeka, kwa hiyo simu yangu nyingine itakuwa mezani nikisubiri aniite. Nitapiga jioni. Baba mdogo awepo.

Mwanenu