Njia ya ukingoni isogee pamoja na mwamba

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie haki ya kupita kandokando ya bahari hapa Mombasa, ingawa itanibidi nianzie mbali, Sussex, kusini mwa Uingereza, nilikotembelea hifadhi ya pwani iitwayo Seven Sisters.

Hifadhi hiyo iko kati ya Seaford na Eastbourne, pale mto Cuckmere unapoingia baharini, na sifa yake ni msururu wa majabali meupe ya chaki yanayopanda na kushuka mpaka Birling Gap. Mbele zaidi kuna Beachy Head, penye kimo cha mita 162. Mtu hushuka basi la Brighton na Eastbourne mahali paitwapo Exceat, akapita malishoni mwa kondoo na kupanda kilima bila kudaiwa tikiti. (Upepo wa huko, niseme kweli, si wa kupunga.)

Kilichonishughulisha zaidi ni namna wanavyokubali kwamba mwamba huo unaporomoka. Chaki ni jiwe laini: mawimbi hulila chini, mvua na baridi hulipasua juu, na pengine miaka hupita kimya kabla ya kipande kizima kuanguka mara moja. Hawakujenga ukuta wa kuyazuia maji. Mnara wa zamani wa taa wa Belle Tout, ukingo ulipoukaribia, ulisukumwa mzimamzima mita 17 kuelekea bara mwaka 1999. Tena sheria yao ya mwaka 2009 kuhusu njia ya pwani inaruhusu njia yenyewe isogezwe bara ukingo unapomeguka, ili haki ya umma ya kupita isianguke pamoja na mwamba.

Kwetu, kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinaihesabu ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ya umma. Kwenye mchanga wa Bamburi hilo humpa mtu pa kupita walau maji yakipwa, lakini kwenye mwamba wa matumbawe, kama ule wa Mama Ngina, ardhi hiyo ni ubavu wa jiwe unaopigwa na mawimbi. Njia ya binadamu iko juu, na huko juu kifungu hicho hakifiki. Mama Ngina tumebahatika, kwani bustani ni ya umma na ilikarabatiwa mwaka 2019. Kwingineko kuta za watu binafsi zimesimama ukingoni kabisa, na mpita njia hana budi kurudi barabarani.

Naiomba serikali ya kaunti, kabla ya kuidhinisha ramani nyingine ya ujenzi juu ya mwamba, itenge ukanda wa njia unaopimwa kutoka ukingo ulipo, si kutoka alama iliyowekwa zamani. Na pale Mama Ngina ziwekwe ishara za kuwaonya vijana wanaokula mihogo yao miguu ikining'inia juu ya maji, kwa sababu matumbawe nayo huliwa kwa chini, na aliyeketi juu haoni.

Msomaji,
Kizingo, Mombasa