Pindueni jani la mpilipili kabla ya kununua dawa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo linalowasumbua wengi wetu hapa Mombasa tunaopanda pilipili uani, kibarazani au juu ya paa la gorofa. Kurasa za kilimo za magazeti yetu huwatazama zaidi wakulima wa ekari, hasa wale wa bara kwenye baridi na udongo mwekundu, na baadhi ya mawaidha yanayotolewa humo hayamfai kabisa mtu mwenye madebe machache Kisauni au Likoni. Kwa hivyo mpilipili unapoanza kudhoofika, mwenyewe huenda duka la pembejeo, husema tu kwamba majani yamejikunja, na hurudi nyumbani na chupa ya dawa ya wadudu ambayo muuzaji amempa bila kuuliza swali hata moja. Ninavyoona mimi, hapo ndipo mipilipili mingi ya nyumbani inapouliwa, kwa sababu kujikunja kwa majani ni dalili inayoletwa na mambo mengi, na dawa inayofaa kwa moja huweza kuzidisha jingine.

La kwanza la kutazama ni upande ambao jani limejikunjia, na kama lililojikunja ni jani changa au kuukuu. Majani yanayojikunja kwa juu wakati wa jua la mchana, kisha yakanyooka jioni, hayana ugonjwa wowote. Mmea unajikinga na joto, na kinachohitajika ni kivuli kidogo cha mchana na maji ya asubuhi. Majani machanga yanayojikunja kwa juu na kubaki hivyo hata usiku, yakiwa na mikwaruzo inayong'aa kama fedha, huwa yameshambuliwa na thripi, ambao ni wadudu wembamba mno wanaopenda kujificha ndani ya maua. Kuwathibitisha ni rahisi: gonga ua juu ya karatasi nyeupe, nawe utaviona vijidudu vya rangi ya manjano au kahawia vikitambaa. Vidukari nao hukaa chini ya jani kwa makundi, hutoa utomvu mtamu unaonata vidoleni, na sisimizi hufuata utomvu huo, hivi kwamba mpilipili wenye msafara wa sisimizi unaopanda na kushuka unastahili kukaguliwa siku hiyo hiyo.

Sasa kuna adui mwingine ambaye ninaomba wasomaji wamzingatie zaidi, kwa kuwa hali ya hewa ya Pwani, yenye joto na unyevu, humfaa sana. Huyu ni utitiri mpana, mdogo kiasi kwamba urefu wake ni kama milimita 0.2, na jicho tupu halimwoni. Ukimtafuta kwa macho hutamwona, ila athari zake zinaonekana wazi kwa anayejua pa kutazama. Majani ya kileleni huwa membamba kupita kawaida, kingo zake hujikunja kwa chini, huwa magumu na kukatika upesi yakikunjwa, na ukilipindua jani utakuta upande wa chini una rangi ya kahawia yenye mng'ao wa mafuta. Majani ya chini, yaliyokomaa kabla ya shambulio, hubaki mazima, na ndiyo maana watu hudhani kwamba mmea umelogwa kutoka juu. Maua huanguka, na tunda likibahatika kutokea huwa na ngozi ya kahawia iliyokwaruzika.

Utitiri si mdudu kwa maana ya kawaida. Ana miguu minane na ni wa ukoo mmoja na buibui na kupe. Dawa nyingi zinazouzwa kwa ajili ya wadudu hazimuui, bali huwaua maadui zake wanaomla, na kwa hivyo mtu hupulizia leo, wiki ijayo mmea huwa mbaya zaidi, naye huongeza kipimo. Kinachomfaa ni salfa ya kuchanganya na maji, au dawa ambayo lebo yake inataja utitiri waziwazi. Salfa ipuliziwe jioni baada ya jua kupoa, kwa sababu joto linapozidi nyuzi 32 huunguza majani, na isikaribiane na dawa yoyote ya mafuta, yakiwemo mafuta ya mwarobaini, kwa muda wa majuma mawili hivi. Vilele vilivyoharibika vikatwe na kutiwa katika mfuko uliofungwa. Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba utitiri huu hudandia miguu ya nzi weupe ili ufike kwenye mmea mwingine, na hivyo anayewadhibiti nzi weupe huwa ameufungia njia utitiri pia.

Kwa vidukari na nzi weupe wachache, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji, hutosha ikiwa itafika upande wa chini wa majani, kwani inaua kile tu kilicholowa. Sabuni ya unga ya kufulia isitumike, maana huunguza. Ni busara kujaribu kwanza kwenye majani mawili matatu na kungoja hadi kesho yake.

Batobato ni habari tofauti. Jani likiwa na mabaka ya kijani kibichi na manjano yaliyochanganyika, likawa limekunjamana na mmea umedumaa, hapo kuna virusi, na hakuna dawa inayotibu virusi vya mimea, hata kama muuzaji ataapa. Kidukari huambukiza virusi vya aina hii kwa kuchomeka mdomo wake jani kwa sekunde chache tu, yaani kabla dawa haijamuua ameshamaliza kazi yake. Mmea kama huo ung'olewe. Najua ni vigumu kung'oa mpilipili mbuzi ambao tayari una matunda na achari imeshapangiwa, lakini ukiachwa utaiambukiza mipilipili mingine yote iliyo jirani.

Niingie katika suala la majani kugeuka manjano, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalotutofautisha zaidi na ndugu zetu wa bara. Udongo wa sehemu nyingi za Mombasa umetokana na mawe ya matumbawe, na kwa hiyo una chokaa ya kutosha tayari. Mkulima wa bara mwenye udongo wenye asidi hushauriwa aongeze chokaa, naye hufaidika. Mtu wa Mombasa akifuata ushauri huo huo hujiharibia. Hali kadhalika jivu la mkaa au kuni, ambalo akina mama na akina baba wengi hulimwaga kwenye debe la pilipili kila mara wakiamini kuwa ni mbolea na dawa kwa pamoja, lina tabia ya chokaa. Likizidi, mizizi hushindwa kuchukua madini ya chuma hata kama yamo udongoni, na dalili yake ni majani machanga ya juu kuwa manjano huku mishipa yake ikibaki kijani kama mchoro. Manjano yakianzia majani ya chini yaliyozeeka na kulienea jani zima, hiyo kwa kawaida ni njaa ya naitrojeni, na samadi iliyooza vizuri hutosha. Watu huyachanganya mambo haya mawili, ilhali unachotakiwa kuuliza ni kimoja tu: manjano yameanzia juu au chini?

Hapo sijataja chumvi. Maji ya bomba hayafiki kila mtaa kila siku, nasi humwagilia kwa maji ya kisima, ambayo sehemu nyingi za kisiwa na za ufuoni yana chumvi. Mpilipili hauistahimili chumvi vyema. Kingo na ncha za majani hukauka na kuwa za kahawia, kuanzia majani ya zamani, na juu ya udongo wa debe huonekana ukoko mweupe. Mtu akiona kingo zimekauka hudhani ni kiu, huongeza maji yale yale ya kisima, na chumvi huzidi. Tiba ni kulimwagia debe maji baridi mengi, yasiyo na chumvi, hadi yatoke kwa wingi chini, na kwa hilo maji ya mvua ya masika yaliyokingwa kwenye pipa ni bora kuliko mbolea yoyote ya dukani. Debe lisilo na matundu chini haliwezi kusafishwa hivyo, na kwa kweli halikufaa kupandwa kitu tangu mwanzo.

Kunyauka nako kuna hukumu zake. Ingiza kidole udongoni hadi kiungo cha pili. Ukiwa mkavu, mwagilia. Ukiwa umelowa na mmea bado umelegea, kuongeza maji ni kuumaliza, kwa sababu mizizi imeshaanza kuoza kwa kukosa hewa. Na wakati wa mvua nyingi tazama pia shina pale linapokutana na udongo, kwani weusi unaolizunguka ni alama ya ukungu wa kuozesha shina. Mmea ulionyauka ghafla ukiwa bado wa kijani kibichi, bila manjano yoyote, ushukiwe kuwa na mnyauko wa bakteria. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize ili ncha yake iguse maji safi katika glasi ya kioo, na utulie dakika chache bila kuitikisa. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka kwenye mkato, jibu umelipata. Bakteria hao hukaa udongoni kwa miaka, na huwashambulia pia nyanya, biringani na viazi ulaya, kwa hivyo udongo wa debe hilo usimwagwe kitaluni, na kisu kisafishwe kabla ya kugusa mmea mwingine.

Kuhusu maua kuanguka mwezi wa Februari na Machi, wasomaji wasihangaike sana. Pilipili hoho hushindwa kushika matunda mchana ukipita nyuzi 32 na usiku ukibaki juu ya 24, na miezi hiyo ndivyo Mombasa ilivyo. Pilipili mbuzi na pilipili kichaa huvumilia zaidi. Tunda lenye doa jeusi lililobonyea kitakoni nalo halina mdudu. Limekosa madini ya kalisi (kalsiamu), mara nyingi kwa sababu ya kumwagiliwa kwa vipindi, leo mafuriko na kesho ukame.

Malalamiko yangu kuhusu maduka ni haya. Dawa hupimwa kutoka kwenye chombo kikubwa na kutiwa katika chupa ya soda isiyo na lebo, na mnunuzi hajui jina lake, kipimo chake wala siku anazopaswa kungoja kabla ya kuchuma. Pilipili ni tunda linalochumwa kila siku chache na kuliwa bichi kwenye kachumbari, na nyumba zetu zina watoto. Mnunuzi adai chombo kilichofungwa chenye namba ya usajili ya bodi ya serikali ya dawa za wadudu, PCPB, na asipokipata aondoke.

Kwako wewe, Mhariri, ombi langu ni safu ndogo, hata mara moja kwa mwezi, ambamo msomaji atatuma picha mbili za mmea wake, moja ya kilele na moja ya upande wa chini wa jani, pamoja na maelezo ya maji anayotumia, na mtaalamu amjibu kwa Kiswahili. Kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO kiko hapo Mtwapa, na maafisa wa kilimo wa kaunti wapo. Waalikwe waandike kuhusu udongo na maji ya Pwani. Mimi ningependa waanze na utitiri mpana, kabla joto la kaskazi halijaanza.

Msomaji wako,
Kisauni, Mombasa